Miaka 25 bila kabati: Kisa cha familia ya Barawa jijini Nairobi

MPENZI msomaji, hebu inua macho utazame chumba unamolala. Huenda pembeni kuna kabati la nguo, na pengine mlango wake mmoja haufungi vizuri. Je, unakumbuka siku ulipolinunua? Wengi wetu hatukumbuki. Kabati ni kitu cha kawaida mno nyumbani, na mtu hakiwekei tarehe.

Lakini yupo mama mmoja mtaani Eastleigh, Nairobi, anayeikumbuka siku hiyo kama mtu anavyokumbuka harusi yake. Ilikuwa Jumamosi moja ya mwezi wa Machi mwaka wa 2017. Alitoka nyumbani asubuhi na binti yake wakaenda Gikomba kwa mafundi seremala. Walishindana bei hadi adhuhuri, wakalipa, kisha vijana wawili wakalisukuma kabati kwa mkokoteni na kulipandisha ghorofa ya tatu huku wakigombana na ngazi.

Siku hiyo mama huyo alikuwa ametimiza miaka 25 nchini Kenya. Kwa miaka hiyo yote, nguo zake na za watoto wake zilikaa ndani ya masanduku chini ya kitanda. Si kwamba hakuwa na uwezo wa kununua kabati. La hasha! Hakutaka.

"Mtu hununua kabati mahali anapokaa," aliniambia huku akimimina kahawa. "Mimi nilikuwa napita tu."

Ameomba jina lake lisiandikwe gazetini. Kwa hivyo katika makala haya tutamwita Nyanya, kama wanavyomwita wajukuu wake na nusu ya watoto wa ploti ile. Ana umri wa miaka 67. Nilipofika kwake nilimpa shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanitazama mikononi kuona kama nimekuja na fomu. Wageni wengi waliobisha mlango wake miaka hii yote, alisema, walikuja na fomu.

Mji uitwao Mwini

Nyanya alizaliwa Barawa, mji wa kale ulio kwenye pwani ya kusini mwa Somalia, baina ya Mogadishu na Kismayu. Kama ulidhani Kiswahili huishia Kiunga mpakani, basi jifunze leo. Kwa karne nyingi watu wa Barawa wamezungumza lahaja ya Kiswahili iitwayo Chimwini. Jina lenyewe latokana na Mwini, yaani mjini. Pale tunaposema "ki" wao husema "chi", na "vi" yetu kwao huwa "zi".

Barawa ulikuwa mji wa mawe, biashara na dini. Mwanzoni mwa karne ya 16 Wareno waliushambulia na kuupora, lakini ukainuka tena. Ndiko alikotoka Sheikh Uways al-Barawi, aliyeieneza tarika ya Qadiriyya katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki kabla ya kuuawa mwaka wa 1909. Ndiko alikoishi pia Dada Masiti, mwanamke mshairi ambaye watu wa mji huo wangali wanamtaja kwa heshima.

Nyanya, hata hivyo, hakuanza na masheikh. Nilipomuuliza anakumbuka nini zaidi, alijibu bila kusita: "Sauti ya bahari usiku, na harufu ya buni."

Buni hizo ni kahawa nzima, haijasagwa. Hukaangwa katika samli au mafuta ya simsim, na wageni wakatafuna buni na kujipaka mafuta yake mikononi. Kulikuwa pia na mkate wa mofa unaookwa kwenye tanuri la udongo, na mnara wa taa wa zamani uliojengwa baharini ambao watoto walikatazwa kuogelea kuuelekea. "Tulikatazwa," alisema, "na wavulana walikwenda."

Baba yake alikuwa mshona viatu. Makubadhi ya ngozi ya Barawa yalisifika pwani nzima. Sifa nyingine ya mji huo ilikuwa kofia za kushonwa kwa mkono, na hiyo ilikuwa kazi ya wanawake. Alasiri, baada ya vyombo kuoshwa, wasichana walikaa ndani ya nyumba na sindano. Kitambaa cheupe hukunjwa mara mbili, kikachorwa nakshi, kisha mshonaji hupita kila mstari na kila kitundu kwa uzi mwembamba. Kofia moja yaweza kuchukua mwezi mzima na zaidi. Kila mwanamke alikuwa na nakshi anazozipenda na namna yake ya kuukaza uzi.

Tafadhali msomaji, ishike habari hiyo ya uzi. Tutairudia.

Usiku wa mashua

Mnamo Januari 1991 Rais Siad Barre aliikimbia Mogadishu na serikali yake ikaanguka. Yaliyofuata twayajua. Kila kundi la wapiganaji likawa na bunduki zake na eneo lake. Watu wa Barawa walikuwa wafanyabiashara na mafundi, hawakuwa na jeshi la kuwatetea. Katika mwaka huo na uliofuata mji ulivamiwa mara kwa mara. Kundi moja likitoka, jingine likaingia, na kila moja lilidai mali. Watu waliuawa na wanawake wakatendewa unyama.

"Wa kwanza walichukua dhahabu na pesa," Nyanya alisimulia. "Wa pili wakachukua redio, vitanda na mafuta ya kupikia. Wa tatu hawakupata kitu, wakang'oa milango."

Mwanzoni mwa mwaka wa 1992 familia iliamua kuondoka kwa bahari. Nyanya alikuwa na umri wa miaka 34. Alikuwa na watoto watatu: binti wa miaka 12, mvulana wa miaka saba na kitoto cha kike kilichokuwa hakijatimiza mwaka. Kaka yake mkubwa alikuwa akisafiri na jamaa yake pia. Mumewe alibaki. Mama mzazi wa mume alikuwa mgonjwa, hawezi kubebwa mpaka ufuoni, na isingekuwa murua kumwacha.

"Aliniambia, tangulieni, nitawafuata baada ya wiki mbili," alisema Nyanya. Akanyamaza kidogo. "Wiki mbili."

Alibeba Msahafu, nguo za watoto, na furushi dogo lenye sindano, uzi na kofia ambayo haijakwisha. Mumewe aliagana nao ufuoni akiwa amevaa kofia ambayo Nyanya alimshonea walipooana.

Mashua ilikuwa ndogo na watu walikuwa wengi. Wakati huo vyombo vingi vya aina hiyo vilikuwa vikielekea kusini, Lamu, Malindi na Mombasa. Si vyote vilivyofika. Walikaa baharini siku tano. Maji ya kunywa yaligawanywa kwa kifuniko cha chupa. Binti yake, ambaye leo ni mama wa watoto watatu, alikuwa akisikiliza mazungumzo yetu kutoka jikoni. Hapo alitokeza kichwa na kusema: "Mimi mpaka leo sipendi kumwaga maji. Wanangu wanicheka."

Maisha ya kambini

Ili uelewe hali ilivyokuwa, ndugu msomaji, kumbuka kwamba kabla ya mwaka wa 1991 Kenya ilikuwa na wakimbizi chini ya elfu ishirini. Kufikia mwisho wa mwaka wa 1992 walizidi laki nne. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilifunguliwa Dadaab, na Kakuma ikafunguliwa Turkana. Pwani nako zikazuka kambi: Utange, Benadir, Swaleh Nguru, Marafa na nyinginezo.

Familia ya Nyanya ilipewa hema katika kambi moja nje kidogo ya mji wa Mombasa. Wakazi wa Mombasa waliwaelewa walipozungumza, na hilo liliwafariji. Baadhi ya wazee wa Mji wa Kale walikuwa na jamaa wa Barawa tangu zamani. Wapo waliokuja na sufuria za wali na mablanketi. Wapo pia waliolalamika kuwa maji yamepungua na kodi za nyumba zimepanda. Yote mawili yalikuwa kweli.

Mwaka wa 1993 kile kitoto kilishikwa na homa kali. Nyanya aliambiwa dawa fulani haipo kambini, ikanunuliwe mjini. Hakuwa na senti. Alichukua ile kofia aliyokuja nayo, ambayo alikuwa ameimaliza kwa taa ya kibatari, akaenda nayo sokoni Marikiti.

"Niliikusudia iwe ya kaka yangu," alisema. "Mzee mmoja aliigeuzageuza, akanipa shilingi mia tatu. Sikushindana naye. Nilikimbia."

Mtoto alipona. Leo ameolewa Mombasa, na kila Idi hutuma tende. Na Nyanya, kwa upande wake, akagundua kwamba vidole vyake vina thamani hata katika nchi ya watu. Kina mama wengine wa kambi walifanya vivyo hivyo. Waliketi chini ya mwarobaini, wakashona, na kofia zikauzwa mjini. Hivyo ndivyo watoto walivyopata sukari, kalamu na viatu.

Ndege isiyopandwa

Katikati ya miaka ya tisini serikali ya Kenya ilikuwa imeshaamua kuzifunga kambi za pwani. Wakati huohuo Marekani ilikubali kuwapokea maelfu ya wakimbizi wa jamii za Benadir, Wabarawa wakiwemo. Majina yalibandikwa ubaoni. Mwaka wa 1996 jina la kaka yake lilitoka, na jina la Nyanya na watoto wake lilikuwa chini yake.

Msomaji, ungekuwa wewe ungefanyaje? Miaka minne imepita. Mume hajulikani alipo. Hakuna barua wala simu. Wasafiri wengine walisema amekufa, wengine wakasema alionekana Mogadishu. Mbele yako kuna ndege, shule ya watoto na hospitali. Nyuma yako kuna kambi itakayofungwa.

Nyanya alikataa kupanda.

"Kaka yangu alilia, akaniita mjinga mbele ya watu," alikumbuka. "Nikamwambia, yule mtu akifika Mombasa akute tumekwenda Marekani, atatupata wapi? Alisema atatufuata. Sikumwambia kwamba nitamngoja wiki mbili tu."

Kaka aliondoka. Yeye na jamaa yake walifikia mji wa Columbus, jimbo la Ohio, ambako baadaye waliishi Wasomali wengi. Wabarawa wengine walitawanyika hadi Atlanta, London na Manchester. Wale ambao hawakupata nafasi walihamishwa kwenda kambi za Dadaab na Kakuma, au wakajipenyeza mijini kimyakimya. Mji mzima uliokuwa na lugha moja ukawa umetapakaa duniani kama punje za mtama.

Kofia iliyomrudisha mume

Sasa turudi kwenye ule uzi.

Siku moja ya mwaka wa 1997 mwanaume mmoja aliyekonda alisimama katika soko moja la Mombasa akiulizia kambi ambayo tayari haikuwapo. Alikuwa amemzika mama yake, akafungwa na wapiganaji, akaachiliwa, akavuka mpaka kwa lori kupitia Liboi. Aliowauliza hawakujua lolote. Kambi imefungwa, watu wamekwenda.

Mwanamke mmoja wa Barawa aliyekuwa akiuza viungo hapo hakuutambua uso wake. Alitambua kofia. Ilikuwa imechakaa na kuwa rangi ya chai, lakini nakshi yake ilionekana. Kwa miaka minne alikuwa ameketi chini ya mwarobaini mmoja na mshonaji wa kofia hiyo.

"Alimwambia, baba, kofia hiyo ni mkono wa fulani, na fulani amepanga chumba Majengo," Nyanya alisimulia, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akacheka. "Nilikuwa nafua. Nikaona mtu mlangoni. Watoto hawakumjua. Yule mdogo alijificha nyuma yangu akasema kuna mwombaji."

Kofia hiyo ingalipo. Imefungwa kwa karatasi ya nailoni, imewekwa katika rafu ya juu ya lile kabati. Nilionyeshwa, lakini sikuruhusiwa kuishika.

Lakini nafasi ya kwenda Marekani ilikuwa imekwisha. Nilimuuliza Nyanya kama aliwahi kujuta. Alinitazama kama mwalimu anavyomtazama mwanafunzi aliyeuliza swali lisilo na maana, akaniongezea kahawa.

Masanduku chini ya kitanda

Mwaka wa 1998 walihamia Nairobi. Mume alipata kazi ya kushona viatu kwenye kibanda Eastleigh. Binti akasaidia kupika sambusa za kuuza. Mvulana, ambaye sasa alikuwa na miaka 13, akaingizwa shule ya msingi na kuwekwa darasa moja na watoto wadogo kuliko yeye.

Siku ya kwanza mwalimu aliuliza ni nani hana kitabu. Kijana akainua mkono akasema kwa adabu kwamba amesahau "chibuku" nyumbani. Hivyo ndivyo kitabu kinavyoitwa kwa Chimwini. Darasa likaangua kicheko, kwa maana wengi walijua chibuku kuwa jina la pombe. Aliitwa Chibuku hadi darasa la nane.

Kisa hicho huchekesha, na mwenyewe, ambaye sasa ni fundi cherehani Mombasa, hukisimulia kwa furaha. Lakini binti yake Nyanya aliniambia jambo lililonifikirisha. Baada ya siku hiyo kaka yake hakuzungumza Chimwini tena nje ya nyumba. Alijifunza Kiswahili cha shule na Sheng ya mtaa. Nyumba nzima ikafuata polepole. Lugha iliyostahimili Wareno ikashindwa na kicheko cha watoto wa darasani.

Miaka ikapita, na masanduku yakabaki chini ya kitanda. Wakati wote kulikuwa na sababu ya kungoja. Labda amani itarudi. Labda kaka atawaita. Kila mwaka Nyanya alisema hakuna haja ya kununua kitu kizito. Meza yao ilikuwa sanduku la mbao lililofunikwa kitambaa. Picha hazikupigiliwa ukutani kwa sababu, kwa maneno yake, "msumari ni ahadi".

Mwaka wa 2011 mume alifariki kwa ugonjwa wa moyo. Alizikwa kwenye makaburi ya Waislamu ya Kariokor. Aprili 2014 polisi waliendesha msako mkubwa wa usalama Eastleigh, na maelfu ya watu wakapelekwa kukaguliwa katika uwanja wa Kasarani. Majuma hayo Nyanya alilala na bahasha ya kadi zao za ukimbizi chini ya mto. Kadi zilionekana sawa. Usingizi ndio ulichelewa kurudi.

Oktoba mwaka huohuo majeshi ya Somalia na ya Umoja wa Afrika yaliikomboa Barawa kutoka mikononi mwa Al-Shabaab, waliokuwa wameishikilia kwa miaka kadhaa. Jirani mmoja wa zamani akamtumia Nyanya picha ya nyumba yao kwa simu. Paa lilikuwa limeanguka upande mmoja, na watu asiowajua walikuwa wameanika nguo uani. Aliitazama, akamrudishia mjukuu simu. "Nguo zao ni safi," ndilo alilosema tu.

Sufuria zilizorudi

Mwaka wa 2016 bahati ilibisha tena. Familia iliitwa kuhojiwa kwa ajili ya kuhamia Marekani. Walipimwa afya. Walihudhuria mafunzo ya maisha ya huko, wakaonyeshwa jinsi ya kutumia jiko la umeme. Kaka mtu, mzee sasa, akatayarisha chumba. Nyanya aligawa sufuria zake kwa majirani, na jiko la makaa akampa mama wa ghorofa ya chini.

Januari 27, 2017, Rais Donald Trump alitia sahihi amri iliyosimamisha kwa muda mpango wa kuwapokea wakimbizi na kuwazuia raia wa nchi saba kuingia Marekani, Somalia ikiwa mojawapo. Mahakama ziliingilia kati na mabishano yakaendelea miezi mingi. Lakini mkimbizi hangoji kitu kimoja tu. Cheti cha afya kina muda wake, ukaguzi wa usalama nao una muda wake. Kimoja kikipitwa na wakati, huanza upya, na kabla hakijakwisha kingine nacho kimepitwa. Faili lao likalala.

Majirani walirudisha sufuria, moja moja, bila kuombwa. Mama wa ghorofa ya chini, Mkamba mwenye watoto wanne, alipanda ngazi na lile jiko likiwa limesuguliwa likang'aa kuliko lilivyotoka.

"Nilikaa kitandani nikawaza," Nyanya alisema. "Nikaona huyu mama hajui Barawa iko wapi, lakini amenisugulia jiko. Mume wangu yuko Kariokor, haendi popote. Mjukuu wangu anasoma hapa. Basi mimi napita kwenda wapi?"

Mwezi wa Machi akaenda Gikomba.

Mwaka wa 2023 waliitwa tena kuhojiwa. Safari hii Nyanya hakugawa hata kijiko. Januari 2025 mpango ule ukasimamishwa tena. Hakuna aliyelia nyumbani humo. Kaka yake ndiye aliyelia, kwenye simu.

Mjukuu na kadi

Usije ukadhani, mpenzi msomaji, kwamba kabati lilimaliza matatizo. Mjukuu wake wa kwanza ana miaka 21. Alizaliwa Nairobi, akasoma Nairobi, akamaliza kidato cha nne mwaka wa 2022 akiwa na alama nzuri. Anaijua miziki ya matatu za Eastleigh kuliko mimi. Lakini kuzaliwa Kenya peke yake hakumfanyi mtu kuwa raia. Katiba yasema lazima mmoja wa wazazi awe Mkenya. Wenzake walipotimiza miaka 18 walipata vitambulisho vya taifa. Yeye alipata kadi ya mkimbizi.

"Rafiki zangu hawakuwa wanajua," aliniambia. "Siku tuliyoenda kusajili laini za simu, wao walitoa vitambulisho, mimi nikatoa kadi yangu. Mmoja akaniuliza, kwani wewe ni wariah wa wapi? Tumekula githeri pamoja miaka minne!"

Sasa anasomea uuguzi. Karo analipiwa kwa pesa zitokazo Columbus, sambusa za mamake na kofia za nyanyake. Akimaliza, atahitaji kibali cha kufanya kazi. Sheria ya Wakimbizi ya mwaka wa 2021 inawatambulia wakimbizi haki ya kuchangia uchumi wa nchi, na Machi 2025 serikali ilizindua Mpango wa Shirika unaokusudia kuzigeuza kambi za Dadaab na Kakuma kuwa makazi ambamo wakimbizi na wenyeji watatumia huduma pamoja. Haya ni matumaini makubwa. Lakini msichana huyu hajawahi kuishi kambini, na sheria kwenye karatasi si sawa na kibali mkononi.

Jioni, baada ya vitabu, hukaa na nyanyake wakashona. Mwanzoni alifanya hivyo kwa ajili ya pesa, maana kofia ya mkono huwapata wanunuzi wanaoijua ijapokuwa soko limejaa za mashine za bei rahisi. Sasa ana sababu nyingine. Nyanya hufundisha kwa Chimwini. Majina ya nakshi, ya mishono na ya makosa hayana tafsiri, kwa hivyo msichana hana budi kuyajifunza yalivyo.

Kila Ijumaa hupiga simu Columbus, sura kwa sura. Wale wazee wawili huzungumza lugha ambayo wajukuu wa kule hawaielewi hata kidogo. Ijumaa niliyokuwapo, msichana aliingilia kati na kumsalimu babu yake kwa Chimwini, sentensi mbili tatu, huku akijikwaa. Mzee alinyamaza muda mrefu, nikadhani simu imekatika. Kisha akamwita dada yake na kumwambia, naye akanifasiria: "Anasema, ulifanya vizuri kubaki."

Imemchukua miaka 29 kulisema neno hilo.

Wewe na jirani yako

Je, kisa hiki chatuhusu nini sisi wengine? Chatuhusu sana. Jiji letu limejaa watu wa namna hii. Kuna Mkongomani wa Kayole anayekushonea kitenge, kuna Mwethiopia wa Hurlingham anayekupikia, kuna mtoto aliyeketi dawati moja na mwanao. Si lazima uwe na mali ndipo uwafae. Mzazi, mwulize mwanao kama kuna mwenzake anayechekwa kwa matamshi yake, na umkanye asiwe miongoni mwa wachekaji. Mwanafunzi, siku utakapomsikia mwenzio akisema "chibuku", mwulize maana yake kabla hujacheka. Mwenye nyumba, kodi ya mkimbizi na ya mwenyeji iwe moja.

Wahenga walinena kwamba mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Twapenda kuitumia methali hiyo kuwasuta wageni wavivu. Lakini isome tena. Inamwamrisha mwenyeji pia: mpe jembe. Nyanya amekuwa mgeni wetu kwa zaidi ya miaka 30, na jembe lake alilitengeneza mwenyewe kwa sindano na uzi. Mjukuu wake angali anangoja la kwake.

Nilipoaga, Nyanya alinisindikiza mlangoni. Karibu na mlango niliona msumari mpya ukutani, haujaning'inizwa kitu. Nikamuuliza ni wa nini.

"Picha ya mahafali ya huyu," alijibu, akimwonyesha mjukuu kwa kidevu. "Nimeupigilia mapema."